"Mtoto Hakuwa na Joto": Jinsi Mwili Unavyowatambua Bakteria na Kupambana Nao



Katika ziara yetu ya kutembelea kamati za afya za sharika, tulifika katika mtaa mmoja ulio mbali kidogo na barabara kuu. Baada ya taarifa ya tangi la maji na taarifa ya fedha kusomwa na kupokelewa, bibi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma aliomba nafasi ya kusema. Alitueleza kwamba mjukuu wake alifariki akiwa na umri wa siku tisa. Mtoto aliacha kunyonya tangu jioni, akawa amelegea, lakini bibi alipomgusa paji la uso na tumbo hakusikia joto. Alikuwa wa baridi kidogo. Kwa hiyo walimfunika vizuri wakasubiri kukuche. Walipofika kituo cha afya asubuhi walikuwa wamechelewa. Waliambiwa kwamba mtoto alikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu.

"Sasa mwanangu," bibi yule aliniuliza, "ni maambukizi gani hayo yasiyo na joto? Miaka yote mmetufundisha kwamba mtoto akichemka ndipo tumkimbize. Yule hakuwa na joto."

Kabla sijajibu, mzee mmoja wa kanisa naye aliinua mkono. Alitaka kujua, kama kweli mwili umeumbwa na kinga yake, kwa nini fedha nyingi za mradi ziende kwenye maji na sabuni za chumba cha kujifungulia. Nilijibu yote mawili kwa dakika tano, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na gari lilikuwa linasubiriwa kwingine. Njiani niliona kwamba sikuwatendea haki. Maswali yale ni ya msingi, na nadhani hata marafiki zetu wanaochangia mradi wa mama na mtoto wamewahi kujiuliza kwa nini orodha ya manunuzi yetu ina vitu vidogo vidogo kama vipimajoto. Namshukuru mhariri kwa kunipa kurasa hizi nijibu kwa kirefu.

KINGA ILE TUNAYOZALIWA NAYO

Sisi sote tunafahamu kinga ya chanjo. Mwili unafundishwa kumjua adui mmoja, unatengeneza silaha za kumpiga huyo tu, na unamkumbuka kwa miaka mingi. Kinga hiyo ni ya ajabu, lakini inakawia. Mwili unapokutana na kidudu kwa mara ya kwanza, huhitaji siku kadhaa, pengine wiki moja au zaidi, kabla silaha hizo hazijawa tayari.

Bakteria hawasubiri wiki. Wapo bakteria ambao wakipata chakula na joto la kutosha katika maabara hujigawa mara mbili kila dakika 20. Ukianza na mmoja saa mbili asubuhi, baada ya saa nane utakuwa na zaidi ya milioni 16. Ndani ya mwili mambo hayaendi kwa urahisi huo, na sababu yake ndiyo habari yenyewe ya makala hii: iko kinga nyingine, ya zamani kuliko ile ya chanjo, ambayo tunazaliwa nayo na ambayo huanza kazi ndani ya dakika na saa chache. Wataalamu huiita kinga ya asili.

Mlango wake wa kwanza ni ngozi. Halafu kuna kamasi na ute unaonasa vumbi, asidi ya tumboni, mate, na machozi. Mwaka 1922 daktari Alexander Fleming wa London alitangaza kwamba katika kamasi ya pua yake mwenyewe, wakati ana mafua, alikuta kitu kinachoyeyusha baadhi ya bakteria. Alikiita lisozimu. Kimo pia katika machozi na katika maziwa ya mama, na kazi yake ni kukata ukuta wa bakteria. Fleming ndiye yule yule ambaye mwaka 1928 aligundua penisilini, na watu wengi wanamkumbuka kwa hiyo peke yake.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mtoto mchanga anakuja duniani akiwa na mlango mmoja ulio wazi, nao ni kitovu. Nitarudi huko.

MWIBA KATIKA KITI CHA PWEZA

Bakteria akishapita ngozi, anakutana na nani? Jibu la kwanza lilipatikana mwaka 1882 katika mji wa Messina, kisiwani Sicily, nchini Italia. Mwanasayansi Mrusi, Ilya Mechnikov, alikuwa nyumbani peke yake, familia imekwenda kutazama sarakasi. Alikuwa akichunguza kwa hadubini viluwiluwi vya yule mnyama wa baharini ambaye watu wa pwani humwita kiti cha pweza. Viluwiluwi hivyo ni kama kioo, unaona mpaka ndani. Akajiuliza itakuwaje akikichoma kimojawapo. Alichuma miiba ya mwaridi bustanini, akakichoma, akalala vibaya usiku kucha kwa shauku. Asubuhi aliona seli zinazotembea zimeuzunguka mwiba pande zote.

Kila mtu aliyekulia shamba anajua kinachofuata mwiba ukikaa mguuni: kuvimba, wekundu, usaha. Mechnikov alikuwa ameona kwa macho yake mwanzo wa jambo hilo. Alisema kwamba mwili una seli zinazomeza na kumeng'enya wavamizi, na mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

Seli hizo tunazijua sasa kwa aina zake. Wako makrofaji, ambao hukaa kwenye nyama, mapafu, ini na bandama wakifanya zamu wakati wote. Na wako nyutrofili, ambao ni sehemu kubwa ya chembe nyeupe za damu. Uboho wa mifupa ya mtu mzima hutengeneza nyutrofili wapatao bilioni 100 kwa siku, na maisha yao ni mafupi sana, ya saa au siku chache tu. Fundi wa maabara anaposema "chembe nyeupe zimepanda", mara nyingi maana yake ni kwamba jeshi hili limeitwa. Kwa kawaida mtu mzima ana chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika kila milimita ya ujazo ya damu. Na usaha tunaoukamua kwa kuchukia, kwa sehemu kubwa ni mizoga ya nyutrofili waliokufa kazini, pamoja na bakteria waliowaua na nyama iliyoharibika.

WANAJUAJE KWAMBA HUYU NI BAKTERIA?

Hapa ndipo penye utamu wa somo lenyewe, na naomba msomaji anivumilie. Nilipokuwa chuo kikuu, vitabu tulivyovikuta maktaba vilisema tu kwamba seli hizi "humeza vitu vigeni". Jinsi zinavyotambua ugeni huo havikueleza. Damu imejaa seli za mwili wetu wenyewe, chakula, chembe zilizokufa. Nyutrofili hajawahi kufundishwa. Anajuaje amle nani na amwache nani?

Fikiria mchungaji wa ng'ombe anayeamka alfajiri na kuzunguka zizi. Hawezi kuwajua fisi wote wa pori lile mmoja mmoja, wala hana haja. Anatazama nyayo. Fisi anaweza kubadili njia, akaja usiku wa mvua au wa kiangazi, lakini hawezi kuja bila miguu.

Bakteria nao wana vitu ambavyo hawawezi kuviacha nyumbani. Mwaka 1884 Mdenmarki Hans Christian Gram alivumbua namna ya kuwapaka bakteria rangi, na mpaka leo mafundi wa maabara katika hospitali zetu wanaitumia. Baadhi hutoka na rangi ya zambarau, wengine na rangi ya waridi. Tofauti hiyo inatokana na ukuta. Wa zambarau wana ukuta mnene wa kitu kiitwacho peptidoglikani. Wa waridi wana ukuta mwembamba, lakini juu yake wamevaa joho la mafuta na sukari liitwalo lipopolisakaridi. Mwili wa binadamu hautengenezi hata kimoja kati ya hivyo viwili. Na bakteria hawezi kuvitupa ili ajifiche, kwa sababu ukuta ndio unaomshikilia asipasuke. Wapo pia bakteria wenye mkia wa kuogelea, na mkia huo umejengwa kwa protini ambayo mwili wetu hauna.

Mwaka 1989 Mmarekani Charles Janeway alisema kwamba lazima seli zetu ziwe na vipokezi vya kusoma nyayo hizo, ingawa wakati huo hapakuwa na mtu aliyekuwa ameviona. Vilikuja kupatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia, yaani kwa nzi wadogo wanaorukia matunda yaliyoiva. Watafiti wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kupata katika nzi hao jeni waliyoipa jina Toll, neno la Kijerumani la mtu anayeshangaa jambo zuri. Walidhani kazi yake ni kupanga maumbile ya nzi akiwa bado yai. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann huko Strasbourg, Ufaransa, lilionyesha kwamba nzi ambaye Toll yake haifanyi kazi huota ukungu mwilini na kufa. Mwaka 1997 Ruslan Medzhitov na Janeway walieleza kipokezi cha namna hiyo katika binadamu. Mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake, Marekani, walikuta kwamba panya wasiosikia lipopolisakaridi walikuwa na kasoro katika mojawapo ya vipokezi hivyo. Panya wale walistahimili sumu yenyewe, lakini bakteria hai wa kundi hilo waliwaua kwa urahisi, kwa kuwa mwili haukujua kwamba umevamiwa. Hoffmann na Beutler walipata tuzo ya Nobel mwaka 2011 pamoja na Ralph Steinman.

Binadamu ana vipokezi kumi vya ukoo wa Toll. Kimoja husoma lipopolisakaridi, kingine husoma vipande vya wale wenye ukuta mnene, kingine mkia, vingine husoma chembe za urithi zisizo za kwetu. Pamoja navyo, ndani ya damu kuna protini zaidi ya 30 zinazofanya kazi kwa kupokezana: ya kwanza humgandia bakteria, huita ya pili, na kuendelea, mpaka bakteria anakuwa amepakwa alama mwili mzima ili nyutrofili ammeze upesi, au anatobolewa ukuta papo hapo.

JOTO, UVIMBE NA MAUMIVU

Makrofaji akishasoma nyayo, hammezi bakteria kimya kimya. Anapiga yowe. Yowe lake ni kemikali ziitwazo saitokaini, zinazokwenda kwa majirani na kwa damu. Mishipa midogo ya mahali pale hupanuka, damu ikaja nyingi, ngozi ikawa nyekundu na ya moto. Kuta za mishipa hulegea na maji yakavuja, ndiyo uvimbe. Nyutrofili waliokuwa wakipita na mkondo wa damu hunata ukutani, hujipenyeza na kuingia kwenye nyama. Mwandishi wa Kirumi Celsus aliziorodhesha dalili hizi nne, wekundu, uvimbe, joto na maumivu, karibu miaka 2,000 iliyopita.

Nyutrofili akifika, humeza. Ndani yake humwagia bakteria sumu kali, mojawapo ikiwa ni ya jamii ile ile iliyomo kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Na mwaka 2004 watafiti wa Berlin walieleza jambo lingine: nyutrofili anaweza kupasuka na kutupa nje nyuzi zake za urithi kama mvuvi anavyotupa wavu, bakteria wakanaswa humo.

Kemikali zile zile hufika kwenye ubongo, mahali panapopima joto la mwili, na kupandisha kiwango. Mwili unajiona uko baridi hata kama kipimajoto kinasoma 38, ndiyo maana mgonjwa anatetemeka na kuomba blanketi wakati wewe ukimgusa anachoma. Bakteria wengi hukua vibaya katika joto hilo, na chembe zetu za ulinzi huchangamka zaidi. Kwa hiyo homa ni kazi ya mwili wenyewe. Parasetamoli humpa mgonjwa nafuu, lakini haimgusi bakteria aliyeanzisha vita.

Niseme pia, kwa kuwa ni kosa letu wengi, kwamba yowe hili halitaji jina la mvamizi. Utafiti uliofanyika katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa zaidi ya 4,400 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, chini ya nusu ndio waliokutwa na vimelea vya malaria katika damu. Wasio na vimelea walifariki kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko waliokuwa navyo, na wengi wao hawakupewa dawa za bakteria. Siku hizi tuna kipimo cha haraka cha malaria mpaka zahanati. Kikitoka hakuna malaria, swali la "basi ni nini?" lazima liulizwe, wala isiwe sababu ya kurudi nyumbani na kulala.

Nami nina la kukiri. Miaka michache iliyopita nilijikata mguu kwa jembe. Siku ya tatu ulivimba ukawa mwekundu. Badala ya kwenda kwa muuguzi, nilinunua dukani vidonge vya rangi mbili kama watu wanavyofanya, nikafungua kimoja nikanyunyizia unga kwenye kidonda, vingine nikameza siku mbili, nikaacha nilipopata nafuu. Unga ulikauka ukawa gamba. Chini ya gamba usaha ulikosa pa kutokea, na baada ya wiki ilibidi nipasuliwe. Muuguzi aliyenihudumia aliniuliza kazi yangu ni nini. Sikufurahia kumjibu. Nyutrofili wangu walikuwa wamefanya kazi yao vizuri. Mimi ndiye niliyewafungia mlango. Kidonda kinahitaji kuoshwa kwa maji safi na sabuni, na uchafu na usaha kupata njia. Dawa za bakteria zina mahali pake, na mahali pake panaamuliwa na mtaalamu baada ya kupima, maana zikitumika ovyo tunakuza bakteria sugu ambao siku tukizihitaji kweli hazitawaweza.

YOWE LINAPOSIKIKA KIJIJI KIZIMA

Yowe la makrofaji mmoja kwenye kidole ni jambo jema. Lakini bakteria wakiingia kwenye damu na kuongezeka, walinzi wa mwili mzima hupiga yowe kwa wakati mmoja. Mishipa inapanuka kila mahali, maji yanavuja kila mahali, shinikizo la damu linaanguka, damu inaganda mahali pasipotakiwa, figo na mapafu vinakosa damu. Hali hiyo inaitwa sepsisi. Ile lipopolisakaridi tuliyoitaja, inayosaidia mwili kumtambua bakteria, ikiwa nyingi kwenye damu inaweza kusababisha haya yote. Kwa maneno mengine mgonjwa anaweza kuuawa na ukali wa kinga yake mwenyewe, na hapo kila saa ya kuchelewa ina gharama.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalisema kwamba katika mwaka 2017 duniani kote watu wapatao milioni 48.9 walipata sepsisi na milioni 11 walifariki. Katika hao waliougua, takriban milioni 20 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka huo huo wa 2017 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zipambane na hali hii.

Wako watu ambao ulinzi wao una pengo, na kamati ziwajue. Mtoto mwenye selimundu, bandama yake huharibika mapema. Bandama ndiyo inayochuja damu na kuwakamata bakteria fulani wenye koti la utelezi. Kwa hiyo mtoto huyo akipata homa, hata ndogo, apelekwe siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, nyutrofili wake huwa wazito kazini, ndiyo maana vidonda vya miguu vinamsumbua. Na wazee pia. Lakini pengo kubwa kuliko yote ni la mtoto mchanga, na sasa nalirudia swali la bibi.

KWA NINI MTOTO YULE HAKUWA NA JOTO

Mtoto mchanga ana makrofaji, ana nyutrofili, ana vipokezi vya Toll. Hakuna kifaa kinachokosekana. Kinachotofautiana ni akiba na mpango wa kazi. Akiba ya nyutrofili katika uboho wake ni ndogo, na vita ikiwa kali huisha upesi. Zile protini za damu zinazopokezana ni chache kuliko za mtu mzima. Na yowe lake limepunguzwa makusudi. Akiwa tumboni, vita kali ya kinga ingeweza kuhatarisha mimba. Akizaliwa, ndani ya siku chache tumbo lake linapokea bakteria wengi mno ambao ni wa kawaida na wa lazima. Mwili ukipigana na wote hao asingepona. Kwa hiyo kinga yake huanza kwa upole, na upole huo una hatari yake.

Kuna na habari ya joto lenyewe. Mtu mzima hupandisha joto kwa kutetemeka. Mtoto mchanga hatetemeki hivyo. Hutegemea mafuta maalumu yaliyo mgongoni na shingoni, ambayo huyachoma ili apate joto. Mwili wake ni mdogo na ngozi yake, ukilinganisha na uzito, ni kubwa, hivyo anapoteza joto upesi. Akishambuliwa sana na bakteria, na akawa hanyonyi, nguvu ya kuchoma mafuta hayo inakwisha. Joto linashuka. Kwa mtoto wa siku tisa, ubaridi ule ulikuwa dalili ya maambukizi sawasawa na joto.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani halitegemei joto peke yake kwa mtoto wa chini ya miezi miwili. Dalili za hatari ni pamoja na kuacha kunyonya au kunyonya vibaya, degedege, kupumua haraka mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea sana ndani anapovuta pumzi, kutojongea isipokuwa akiguswa au kutojongea kabisa, joto la 37.5 au zaidi, na joto la chini ya 35.5. Moja tu kati ya hizo inatosha kuondoka nyumbani usiku huo huo. Mtoto yule alikuwa nazo mbili za kuonekana kwa macho, na pengine ya tatu.

Bibi hakukosea. Alifanya kama tulivyomfundisha. Niliporudi ofisini nilitafuta bango tulilolibandika wenyewe katika mitaa, na kweli limeandika kwa herufi kubwa "Mtoto akiwa na joto, mpeleke kituoni", bila neno lolote juu ya baridi wala kunyonya. Lilitayarishwa kwa ajili ya watoto wakubwa zaidi, na sisi tukalibandika kwenye vyumba vya wazazi. Kosa hilo ni la ofisi ya mradi, na nimelieleza hivyo kwa kamati ile.

SASA SABUNI

Mzee wangu wa kanisa aliuliza kwa nini tugharamie sabuni ilhali mwili una kinga. Kinga hii ni ya hesabu. Nyutrofili wa mtoto mchanga wanaweza kuwashinda bakteria mia kadhaa waliopita kwenye kitovu. Wakija mamilioni kwa wembe uliotumika, kwa mikono isiyonawa au kwa samadi iliyopakwa, akiba inakwisha kabla vita haijaisha. Mkunga anaponawa, anapunguza idadi ya watakaoingia na kumpa mtoto nafasi ya kushinda.

Kuhusu kitovu, wapo walioniuliza juu ya dawa ya kupaka iitwayo kloheksidini. Utafiti mkubwa uliofanyika Pemba na kuchapishwa mwaka 2016 haukuonyesha wazi kwamba dawa hiyo ilipunguza vifo ukilinganisha na kitovu kilichoachwa kisafi na kikavu. Ina nafasi yake pale ambapo watu wamezoea kupaka vitu vya hatari. Penginepo usafi na ukavu vinatosha, na havina gharama. Kisipakwe majivu, mafuta, mate wala udongo.

Na dang'a isimwagwe. Bado nasikia katika baadhi ya familia kwamba maziwa yale ya kwanza ya njano ni machafu. Yana lisozimu ya Fleming, yana laktoferini inayowanyima bakteria madini ya chuma wanayoyahitaji ili wakue, yana kingamwili za mama na hata chembe nyeupe zake zilizo hai. Mtoto ambaye akiba yake ni ndogo anaazimwa akiba ya mama yake, na apewe ndani ya saa ya kwanza.

Bango jipya limekwisha kuandikwa na linasomwa na mganga mkuu wa wilaya kabla ya kuchapwa. Vipimajoto vya kwapani vimeanza kusambazwa, kimoja kwa kila kamati ya mtaa. Katika mtaa ule kamati imemkabidhi bibi yule akitunze. Tulipokwenda kumwonyesha matumizi, alikichovya ncha katika maji ya mtungi ili aone kama kinajua baridi. Kilikataa kutoa namba, kikaandika herufi mbili tu, L na o. Nilimweleza kwamba maana yake ni joto lililo chini kuliko kinavyoweza kusoma, na kwamba akiona hivyo kwa mtoto, akishahakikisha kimekaa vizuri kwapani, asipime tena, bali wamweke mtoto kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na waanze safari. Ameniomba niyaandike hayo kwa kalamu ya wino nyuma ya boksi, kwa maandishi makubwa, maana macho yake si mazuri usiku.